Nuru ni ya Nani?

Waliotutangulia, walipotaka kutenga kilicho cha mtu na kilicho cha kuazima, walionesha mwezi. Jua lina nuru ya dhati, mwezi una nuru ya kupewa. Aliyepewa na ashukuru, na aliyetoa asisimbulie. Ni mfano mwema, na umezaa mashairi mengi, mazuri na mabaya. Ila yake ni kuwa umetuzoesha kuamini kwamba kila nuru lazima iwe na mwenyewe mmoja: ikiwa si yako, basi umeiazima kwa mwengine. Hapa nataka kueleza habari za kitu kidogo mno, kilichoanza kutengenezwa maabara mwaka 2004, ambacho nuru yake haikubali kugawiwa kwa kanuni hiyo. Kisha nitauliza kinatudai nini sisi tunaotunga, tunaofasiri na tunaochapisha.

Mimi si mwanasayansi. Niliyonayo nimeyapata kwa kusoma, kamusi ikiwa ubavuni, kama nilivyopata karibu kila ninachokijua. Lakini jambo lenyewe halitaki hesabu nyingi. Linataka subira ile ile ya kulisoma shairi gumu mara tatu.

Tuanze na fedha. Lugha yetu imeyapa jina moja madini na pesa, na pengine si bure. Lakini hapa nakusudia madini, fedha ya sonara, ya bangili na mikufu. Bangili ya fedha hung'ara, lakini haitoi nuru. Inarudisha tu ile inayoipiga; itie katika chumba cha giza, haionekani. Ndani yake atomu hazina idadi, na elektroni hutembea humo kama watu wa sokoni siku ya kuamkia Idi, kila mmoja apendako. Sasa ipunguze fedha hiyo mpaka zibaki atomu kumi au ishirini tu. Hapo elektroni hazina tena soko. Zina ngazi yenye vidato vilivyoachana, wala haziwezi kusimama baina ya kidato na kidato. Zikipandishwa juu kwa mwanga, zinaposhuka hutoa mwanga wao wenyewe, wenye rangi maalumu. Fedha iliyokuwa kioo imekuwa taa.

Kundi hili la atomu chache nitaliita kishada, na msomaji asidhani nazungumzia kile cha watoto kinachorushwa wakati wa upepo. Ingawa uzi upo, na uzi ndio hasa ulionileta hapa.

Kwani kishada cha fedha peke yake hakidumu. Atomu za fedha zinapendana kupita kiasi: zikikutana hushikamana, nyengine zikaja juu yake, na kufumba na kufumbua kishada kimekuwa punje, punje zimekuwa vumbi, na nuru imekwisha. Waliotaka kuvichunguza vishada hivi zamani walivigandisha ndani ya gesi kama argoni, kwa baridi kali mno, kila kimoja mbali na mwenziwe. Ilikuwa elimu kubwa, lakini taa isiyoweza kutoka katika barafu haimfai mtu.

Uzi uliokuja kuviokoa ni DNA. Urithi wa viumbe huandikwa humo kwa herufi nne, A, T, G na C. Lakini katika habari hii uzi hauandiki urithi wa yeyote. Ni kipande kifupi kilichotengenezwa na watu, herufi kumi, ishirini au zaidi kidogo, na kimechaguliwa kwa sababu herufi C, ambayo jina lake kamili ni saitosini, inaipenda fedha. Ukitia nitreti ya fedha katika maji yenye uzi huo, ioni za fedha, yaani atomu zilizopungukiwa na elektroni moja, huenda zikajishikiza kwenye herufi hizo. Ukiongeza dawa ya kuzirudishia elektroni, iitwayo sodiamu borohaidraidi, baadhi yake hugeuka madini kamili papo hapo zilipo na kukumbatiana. Ila haziwezi kuyakimbilia makundi mengine, kwa kuwa uzi umezizunguka na kuzishika. Jeffrey Petty, Jie Zheng, Nicholas Hud na Robert Dickson, huko Marekani, ndio waliolitangaza jambo hili mwaka 2004. Uzi wao ulikuwa wa herufi 12: AGGTCGCCGCCC. Hesabu, utaona nusu yake ni C. Wapenzi wa mashairi hawahitaji kuambiwa nini kinaweza kushikwa na mshororo mfupi wenye sauti moja inayorudi na kurudi.

Sasa tuulize. Nuru hii ni ya fedha au ni ya uzi?

Jibu la haraka ni kuwa ni ya fedha, kwani elektroni zinazoshuka vidato ni zake, na uzi mtupu hauoneshi kitu machoni hata ukiumulika. Lakini uondoe uzi, fedha inarudi kuwa vumbi. Mtu wa mfano wa mwezi atasema: basi uzi ni mlinzi tu, kama kioo cha kandili kinavyoulinda mwali na upepo, mwali ni mwali. Ningelikubali, lau si mambo mawili.

La kwanza ni rangi. Mwaka 2008 Elisabeth Gwinn, Deborah Fygenson na wenzao, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, walionesha kwamba mng'ao wa vishada hufuata mpangilio wa herufi za uzi. Badilisha herufi, nawe unaweza kuibadilisha rangi au kuizima kabisa. Stacy Copp na wenzake walieleza mwaka 2014 sehemu ya sababu: kiini cha kishada kina umbo la kijiti, si la tufe, na urefu wa kijiti hicho ndio unaochagua rangi. Vishada vyenye atomu nne zisizo na chaji huelekea kijani, vyenye sita huelekea wekundu. Kwa hivyo rangi ni hesabu ya fedha. Lakini ni uzi unaoamua fedha ngapi zitakaa, na zitakaa vipi. Kioo cha kandili hakina uwezo huo. Hata kikiwa cha rangi, huchuja tu kilichokwisha kuwako.

La pili linanishangaza zaidi. Uko mwanga wa urujuanimno, jicho haliuoni, ambao herufi za DNA huunasa. Hiyo ni tabia ya DNA yote, ya samaki na ya mtu. Watafiti wale wale wa Santa Barbara walionesha mwaka 2011 kwamba herufi zikiunasa mwanga huo huupitisha kwenye kishada, nacho hutoa rangi yake kama kawaida, iwe kijani au nyekundu. Aliyepokea ni uzi. Aliyetoa ni fedha. Ukisimama katikati ya safari hiyo ukauliza mwanga ni wa nani, swali lenyewe halina pa kukaa.

Nadhani matata yametokana na kile kiungo kidogo, "ya", katika maneno "nuru ya fedha". Kiungo hicho tunakibebesha kazi nyingi na tunasahau kuwa ni nyingi. "Nyumba ya Fulani" ni milki. "Maji ya kisima" ni mahali. Lakini "ndoa ya Fulani na Fulani" si milki ya mmoja wao wala haigawiki nusu kwa nusu. Mmoja akiondoka haondoki na nusu ya ndoa, ndoa yenyewe haipo. Nuru ya kishada ni "ya" ya aina hii ya tatu. Haimo katika fedha ikangoja kulindwa, wala haimo katika uzi ikangoja kuazimwa. Imezaliwa na kushikana kwao.

Kuna habari nyengine ya kishada ambayo haijaacha kunisumbua tangu nilipoisoma. Mwaka 2019 Cecilia Cerretani, Tom Vosch na Jiro Kondo, pamoja na mwenzao wa nne, baina ya Copenhagen na Tokyo, walifaulu kukifanya kishada kimoja kuwa fuwele na kukipiga kwa miale ya eksirei hata wakaona atomu zake moja moja. Waliona nyuzi mbili, kila mmoja wa herufi 10, zimezikumbatia atomu 16 za fedha. Kishada hicho hutoa mwanga uliopindukia ukingo wa wekundu, na jicho letu haliuoni ila kwa shida. Thamani yake ni kuwa mwanga wa namna hiyo hupenya nyama ya mwili kuliko rangi nyengine, na matabibu wana hamu nao. Katika taswira hiyo palikuwa na alama mbili zaidi, hafifu kuliko zile 16. Zikachukuliwa kuwa nazo ni fedha, ila fedha isiyokaa hapo daima.

Mwaka 2023 Anna Gonzàlez-Rosell, Stacy Copp na wenzao, na Vosch na Kondo wakiwa miongoni mwao, walivipima uzito vishada vya jamii hiyo. Uzito haukukubaliana na picha. Zile alama mbili hazikuwa fedha kabisa. Zilikuwa kloridi.

Kloridi ni ile iliyomo katika chumvi tunayotia mchuzini, na katika bahari iliyokizunguka kisiwa hiki. Kila aliyewahi kufanya kazi na fedha maabara anaiogopa, kwani ikikutana na ioni za fedha huzifanya mashapo meupe, na kazi ya siku nzima ikaharibika. Ndiyo maana, nadhani, hakuna aliyeitarajia humo. Lakini imo, mbili kwa kila kishada, nayo ni katika sababu za vishada hivyo kustahimili maji yenye chumvi ya kiasi cha ile ya miili yetu. Aliyedhaniwa adui alikuwa ndani ya nyumba anashikilia nguzo. Na kwa miaka minne jina aliloandikiwa lilikuwa la fedha.

Hakuna aliyedhulumu. Macho yalikuwa mazuri na watu walikuwa waaminifu, na waaminifu hao hao wakashiriki kusahihisha. Kilichotokea ni mazoea tu: panapong'ara fedha, kila kilichopo tunakihesabu fedha. Mwanga wa eksirei uliyakubali mazoea hayo, mizani iliyakataa. (Watunzi wenzangu wataniwia radhi nikifurahi kidogo kuwa ilikuwa mizani.)

Mazoea hayo nayajua. Palikuwa na bibi mmoja, sasa marehemu, katika kijiji cha kaskazini mwa kisiwa chetu, asiyejua kusoma wala kuandika, aliyekuwa na utenzi mrefu kifuani. Alikuja mtu na kinasa sauti akakaa naye siku kadhaa. Baadaye kikatoka kitabu, kizuri kwa kweli, chenye maelezo ya maneno na jina la mkusanyaji jaladani. Bibi yumo pia, ndani ya utangulizi, katika maneno "wenyeji wa huko". Mwaka jana nilitakiwa kuipitia tafsiri kwa ajili ya chapa mpya, nikauliza jina lake kwa nini halimo. Jibu la mchapishaji lilikuwa la adabu. Mtunzi wa utenzi ni mtu wa zamani asiyejulikana. Bibi hakutunga hata ubeti. Yeye alikuwa chombo tu, na chombo hakiandikwi jaladani.

Kioo cha kandili, basi. Lakini utenzi huo unajulikana pia vijiji viwili vyengine, na nimezisikia riwaya zote tatu. Hazilingani. Kwa bibi, mjane anayelia katika kisa hujibiwa na mama mkwe wake kabla hajajibiwa na kadhi. Kwengine kadhi ndiye anayetangulia, na mama mkwe hana ila beti mbili. Ukiisoma riwaya ya kadhi unasoma utenzi wa hukumu. Ukiisoma ya bibi unasoma utenzi wa huruma inayoitangulia hukumu. Maneno mengi ni yale yale, kina ni kile kile cha mwisho. Sijui kama bibi alipanga hivyo mwenyewe au alipokea hivyo kwa mamake, na sioni kuwa inabadilisha hoja. Badilisha uzi, rangi imebadilika. Chombo hakifanyi hivyo.

Nasikia tayari pingamizi, na ni nzuri. Ikiwa kila kilichoshika kiandikwe, tutaishia wapi? Tumwandike na aliyempikia bibi chai, na fundi wa kinasa sauti, na jirani aliyenyamaza siku hizo zote wala asipige redio? Jarida gani litatosha? Hapa ndipo nilipoona faida ya kukaa na wanasayansi hawa, kwani wao wanaulizana swali hilo hilo kila siku na wana njia ya kulijibu. Wanabadilisha kitu kimoja, wanaacha vyengine, wanatazama nuru. Badilisha chupa ya kioo kwa chupa nyengine ya kioo: nuru ni ile. Chupa haiandikwi. Badilisha herufi moja ya uzi: nuru nyengine. Uzi huandikwa, herufi kwa herufi. Anayepika chai, Mungu amlipe, anaweza kupokewa zamu na mwengine, na utenzi ukabaki ulivyo. Bibi hakuweza kupokewa zamu.

Wala sisemi kwamba atomu zina haki, au kwamba maumbile yanatufunza adabu. Papa naye ni maumbile. Ninachokichukua maabara si adabu, ni namna ya kuuliza.

Na kwa namna hiyo ya kuuliza, haki inabidi nimpe mkusanyaji naye, ijapokuwa nilianza bila ya kutaka. Mwaka 2010 Hsin-Chih Yeh, Jennifer Martinez, James Werner na wenzao, katika maabara ya Los Alamos, walieleza habari ya kishada kilichozimika: fedha imo, uzi umeishika, lakini hakuna mng'ao wa kutajika. Kisha huletwa karibu uzi wa pili wenye herufi nyingi za G. Hauiongezi fedha wala hauipunguzi. Unakaa jirani tu. Kishada kinawaka nyekundu, na mng'ao ukapanda hadi mara 500. Wanalitumia jambo hili kutambua kama mfuatano fulani wa herufi za urithi umo katika maji au haumo, kwa kuwa nyuzi mbili hizo hukutanishwa na mfuatano unaotafutwa. Utenzi ule ulikaa kifuani mwa bibi miaka mingi, na wajukuu wake walikuwa hawausikii tena. Aliyekuja na kukaa jirani yake kwa siku zile hakuongeza ubeti. Lakini bila yake tungekuwa na kaburi tu. Jina lake libaki jaladani, sitaki litoke.

Mfano wa aliyeandikwa tunao, tena wa pwani hii hii. Muyaka wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840, na mashairi yake hayakuwa kitabu. Yalikuwa vinywani mwa watu, mengine yameanza kupotea. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi ndiye aliyeyakusanya miongo kadhaa baadaye, akamsaidia W. E. Taylor kuyafahamu, na nyaraka hizo ndizo zilizomwezesha William Hichens kuitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Sikujua hakuwa Muyaka, wala hakudai. Lakini beti nyingi za Muyaka zilisemwa kwa tukio maalumu, za siasa, za biashara, za kutaniana, na ubeti wa namna hiyo ukiupoteza mnasaba wake unabaki na sauti bila ya maana. Unakuwa kishada kilichozimika. Kila mtu anayefurahia leo kejeli ya Muyaka anafurahia pia alichokumbuka Sikujua. Bahati njema, jina lake tunalo, na kwa sababu tunalo tunaweza kuuliza alisikia kwa nani, aliamini riwaya ipi, alipendelea ipi. Asiye na jina huwezi kumuuliza kitu.

Hilo ndilo nililojaribu kumweleza mchapishaji, na nadhani alidhani naomba hisani. Katika maandishi ya wataalamu, kishada cha mwaka 2023 huandikwa (DNA)2[Ag16Cl2]8+. Ag ni alama ya fedha, Cl ni ya kloridi. Uzi umetangulia, na mbili yake. Chumvi imo, na mbili yake. Na mpangilio wa herufi za uzi hutajwa kwa ukamilifu, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Hawauandiki kwa kuushukuru uzi. Wanauandika kwa sababu asiyeuandika amesema uongo juu ya kitu alichonacho mkononi, na atakayemfuata, akichukua fedha peke yake, hatapata nuru, atapata vumbi.

Kwa chapa mpya nimependekeza mstari mmoja, uwekwe ukurasa wa jina la kitabu, chini ya jina la mkusanyaji na kwa herufi za ukubwa ule ule: riwaya ya bibi, jina lake na la babake na la babu yake, kijiji chake, na mwaka aliousema utenzi. Mjukuu wake amenithibitishia majina yote matatu. Barua nimeipeleka, na jibu bado halijafika.